Salamu za Juu ya Dungu

Jumanne, tarehe 4 Julai 2006. Kibiti kumeamka na mawingu, kibaridi cha kipupwe, na manyunyu yanayoanza na kukatika kama mtu asiyejua anataka nini.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya daftari langu la safari ile, na nikiyasoma sasa naona yananihusu mimi kuliko hali ya hewa. Wenzangu wa barazani mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje binti yangu akaolewa mimi nikiwa porini, na kila nikianza kusimulia mnanikatiza kwa vicheko. Basi nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwanangu Zuhura yuko Maskati mwaka wa sita, analea watoto wa watu. Akaposwa na baharia mmoja, Nassor, ambaye wazee wake walitoka Tanga. Meli ya Nassor ilikuwa inaondoka Jumamosi tarehe 8, na kurudi kwake ni baada ya mwaka. Kwa hiyo ndoa ifungwe Ijumaa tarehe 7 baada ya sala ya alasiri, au isifungwe. Shehe wa msikiti wao, naye Mswahili mwenzetu, alitaka idhini ya baba. Nilimpa kwa simu ya jirani, nikapaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Shehe akasema sauti ile haijui ni ya nani. Aandikiwe kwa imeili, na mashahidi wawili watajwe kwa majina. Kwa nini maneno yaliyopigwa chapa na mtu mwingine yaaminike kuliko koo langu, sijui. Lakini yeye ndiye aliyesoma, simlaumu.

Niseme na hili, maana mkilisikia kwa mwingine litakuwa baya zaidi. Zuhura ana miaka thelathini na moja. Aliwahi kuposwa mara mbili, na posa zote mbili zilifia mikononi mwangu. Si kwamba nilikataa. Nilisema nifikirie kwanza, na nilipomaliza kufikiri wale wanaume walikuwa na watoto kwingine. Safari hii Zuhura aliniambia maneno mawili tu: "Baba, usifikirie."

Kibiti mnara wa simu ulikuwepo, ila ulipitisha sauti tu. Kulikuwa na duka moja lenye kompyuta ya intaneti, na kifaa chake kilikuwa kimekwenda Dar kutengenezwa. Mama Zuhura akaniambia nipande basi niifuate intaneti huko huko Dar, niandike, nirudi. Ningemsikiliza, masimulizi haya yangeishia hapa. Lakini siku ile ile nikapata kibarua cha upishi kwa Wazungu wawili wazee, Bwana Jens na mkewe Mama Karin, waliokuwa wakitembea na nyumba yao: karavani nyeupe, ina mlango, ina ngazi, ina pazia, inavutwa na Landrova. Mama Karin aliwahi kufundisha nchini kwetu zamani, Kiswahili anacho. Akanionyesha kompyuta ya mapajani na simu ya kuiunganishia, akasema kila wanapolala huwaandikia wajukuu. Nikajiambia, niifuate intaneti Dar ya nini, na hii hapa inanifuata kwa magurudumu?

KIBITI HADI NYAMISATI

Dereva alikuwa Mussa, Mmatumbi wa vilimani, mtani wangu. Tangu Kibiti hadi Bungu alikuwa akiniambia kwamba sisi Wandengereko tukiona gari linavuta nyumba tunadhani nyumba ndiyo inayosukuma gari. Sikumbishia, maana kwa kweli kwenye mteremko ilionekana hivyo.

Bungu tukaiacha lami, tukakata kuelekea mashariki. Njia ya Nyamisati ni mchanga, na karavani ile haikuzaliwa kwa mchanga. Ilizama mara tatu. Mara ya pili walitokea wanaume wanne wenye majembe, wakatuchimbua bila kuulizwa, kisha wakakaa kungoja Mzungu afungue nyumba yake waone ndani. Bwana Jens akafungua. Wakatazama kitanda, jiko na beseni. Mmoja akauliza kama Wazungu hawa wamefukuzwa kwao. Mama Karin akasikia, akacheka, akasema wamejifukuza wenyewe.

Tulifika Nyamisati alasiri, maji yamekupwa, harufu ya matope ya mikoko imejaa. Bwana Jens akashuka na simu yake, akainyanyua juu, akatembea nayo hadi ukingoni, akarudi, akatembea tena. Watu wakadhani anapungia chombo. Nikaeleza kwamba anatafuta mtandao. Wakasema, kumbe, mtandao uko juu ya mnazi ule.

Sikuamini, nikawauliza tena, na jibu likawa lile lile. Mkwezi akaitwa, akaifunga simu ya Bwana Jens kwenye kilemba chake, akapanda. Alikaa juu muda wa kunywa kikombe cha chai. Akashuka na jumbe tatu, zote za kampuni ya simu, zikitutakia safari njema. Nikamuuliza Mama Karin kama kompyuta nayo inaweza kupanda. Akaniangalia kwa huruma, akasema mkwezi anaweza kupanda, lakini nani atachapa?

Usiku ule niliwapikia kaa wa kwenye mikoko kwa nazi. Bwana Jens alimvunja kaa kwa nyundo ya Mussa. Nilijilaumu kwamba sikumwonyesha mapema, halafu nikaona anafurahia nyundo, nikamwongezea kaa wa pili.

NYAMISATI HADI MKONGO

Jumatano tulirudi njia ile ile, kisha tukapita Kibiti ili tushike njia ya Mkongo. Tulisimama kununua mkate na mafuta ya taa. Mama Zuhura alikuwa amekwisha kuiona karavani kwa mbali, akaja na khanga begani.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Bado. Nyamisati mtandao uko juu ya mnazi."

"Basi la Dar lile pale, linanguruma."

Nikalitazama. Ni kweli lilikuwa linanguruma. Nikawaza kwamba nimewaahidi Wazungu upishi hadi Jumamosi, na kumwacha mtu njiani bila mpishi si haki. Nikawaza pia kwamba Mloka wanakwenda watalii, na penye watalii hapakosi mitambo. Nilikuwa bado nawaza basi lilipoondoka. Mama Zuhura alinipa kikapu cha maandazi, na jinsi alivyonipa nilielewa kwamba hajanisamehe.

Kabla ya kufika Mkongo karavani ilipata pancha, mbele ya kijiji ambacho jina lake sikuliandika, naomba radhi. Mussa alipokuwa akihangaika na jeki, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akakaa chini karibu na ngazi ya karavani. Akaja wa pili, akakaa nyuma ya wa kwanza. Hadi gurudumu linafungwa kulikuwa na foleni ya akina mama hadi kwenye mihogo, kila mmoja na kadi ya kliniki mkononi. Gari jeupe, lina mlango wa pembeni, Mzungu mwanamke yuko ndani: wakajua ni chanjo.

Mama Karin alifadhaika sana. Nikatumwa kueleza. Nikaeleza kwamba hii ni nyumba ya watu, wamo safarini. Mama wa kwanza akanisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akaniambia, "Baba, tumekwisha kukaa foleni."

Ni kweli walikuwa wamekaa foleni, na mtu aliyekaa foleni ana haki yake. Mama Karin akatoa mizani yake ya kupimia unga. Tukawapima watoto mmoja mmoja, yeye akisoma, mimi nikiandika kwenye vikaratasi, na ikatuchukua hadi jua kuzama. Wakaondoka wameridhika. Sijui vikaratasi vile vilipofika kliniki vilisomwaje. Mtoto mmoja niliandika kilo kumi na tano, na sasa nadhani yalikuwa ni mabuyu ya kaka yake yaliyokuwa bado kwenye mizani.

Tulilala hapo hapo. Simu haikuwa na alama hata moja. Tulikula maandazi ya Mama Zuhura, na kila nililokula lilinikumbusha basi.

MKONGO HADI MLOKA

Alhamisi tuliingia Mloka mchana. Kule watu wanaishi na wanyama kama majirani wasioelewana. Niliulizia mtandao hata kabla hatujazima gari. Jibu lilikuwa moja kwa kila mtu: nendeni kwenye dungu la Bi Tatu.

Dungu, kwa asiyelijua, ni kile kichanja cha miti kirefu, kina paa la nyasi, ambacho mkulima anakaa juu yake kulinda shamba. La Bi Tatu lilikuwa bondeni, katikati ya mahindi ya mlau, haya tunayopanda mafuriko yakikauka. Juu yake, upande wa kusini, simu ilikuwa inashika mnara. Mnara wa wapi, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyetaka kuchimba, usije ukakasirika.

Bi Tatu alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu, ana kombeo kiunoni. Tukamwamkia. Nikamweleza haja yangu yote, tangu Maskati hadi mnazi. Akasema tupande, lakini nyani hawajui harusi: macho ya mtu mmoja lazima yawe shambani. Akamwita Mzee Kibwana, jirani yake wa shamba la pili, ili nipate shahidi wa pili. Wa kwanza alikuwa Mussa. Bwana Jens akabaki chini kwa ajili ya uzito.

Sasa tukawa watano juu ya kichanja. Mama Karin akaweka kompyuta mapajani, simu akaifunga kwenye nguzo ya kusini kwa ukili wa Bi Tatu, akaniambia niseme naye achape. Nikaanza.

"Kwa mpendwa wetu Shehe, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Mvua mwaka huu zilikuwa za wastani na maji ya mto yameshuka kwa wakati."

Mama Karin akachapa. Akaniambia kwa upole kwamba betri si nyingi na mtandao unakuja na kupotea, kwa hiyo ingefaa tuandike idhini kwanza.

Nikamwambia, "Mama, ukiingia kwa mtu na haja kabla ya hodi, hata akikupa amekutukana moyoni."

Mzee Kibwana akasema ni kweli kabisa. Tukaendelea. Nikamweleza Shehe kwamba mashahidi wangu, Mussa bin Abdallah na Kibwana bin Saidi, nipo nao hapa tunaandika pamoja, nao wanamsalimu sana. Nikamwambia kwamba Zuhura kule ugenini ni mtoto wake yeye, mimi niko mbali na mkono wangu haufiki, yeye ndiye baba. Ndivyo tunavyosema, mnajua. Kisha nikasema, "Na umsalimie huyo Bwana Nassor."

Bi Tatu alikuwa ametupa mgongo, anatazama mahindi. Akageuka.

"Mtu anakuolea mtoto, unamwita huyo Bwana, kama karani wa ushuru? Mwite mkwe."

"Bado hajawa mkwe, dada. Ndiyo kwanza naandika idhini."

"Na haya mahindi yangu bado hayajawa. Mbona nayalinda?"

Nikafikiri. Mussa akaniambia, "Mtani, umeambiwa usifikirie." Basi nikamwambia Mama Karin afute, aandike: na umsalimie sana mkwe wangu Nassor, umwambie tumefurahi. Hapo nikavuta pumzi, nikasema, "Ama baada ya salamu."

Mama Karin akasema mtandao umekuja, tukitume hiki kwanza, idhini ifuate peke yake. Nikakubali, nikiona ni adabu pia, hodi itangulie na mtu afuate. Akabonyeza. Sote tulikitazama kile kioo kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani. Barua ikapita.

Nikakohoa nianze idhini, na nyani wakaingia upande wa mashariki. Walikuwa kundi zima. Bi Tatu akaruka ngazi kwa kombeo, Mzee Kibwana nyuma yake, Mussa nyuma ya Mzee Kibwana, na dungu likayumba hata Mama Karin akakumbatia nguzo. Pale kwenye nguzo simu ikapoteza mnara. Walipowafukuza nyani jua lilikuwa limeinama, na Bi Tatu akasema wageni washuke, saa hizi si za wageni, tembo wanakuja kunywa. Tutamaliza kesho asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa inatosha kabisa. Nilirudi kwenye karavani mtu mwepesi. Nikawapikia wali na samaki kambare.

MLOKA, IJUMAA

Asubuhi dungu halikuwepo.

Tembo walipita usiku. Nguzo mbili zilikuwa zimevunjika kama miwa, paa limelala kwenye matope, na mahindi, tangu dungu hadi ukingo wa maji, yamekanyagwa. Bi Tatu alikuwa amesimama katikati, khanga ameifunga kiunoni, anaokota mche mmoja mmoja akitazama kama mzizi umo.

Nimelitafakari sana neno nililosema, na sina la kujitetea. Nilisema, "Sasa mtandao?"

Hakugeuka. "Mtandao wako umelala pale, kauokote."

Niliona aibu ambayo hadi leo ninayo. Mimi nilikuwa na haja ya siku moja, yeye pale alipoteza chakula cha miezi. Nikavua viatu, nikaingia matopeni kuinua miche naye. Nadhani tulisimamisha robo ya shamba, au pungufu. Mussa na Mzee Kibwana wakaenda kukata nguzo mpya. Bwana Jens akavaa glovu zake na akabeba miti begani, mmoja baada ya mwingine, na Mussa akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mzungu huyu ni Mmatumbi aliyepotea njia.

Tulisimama kwa sala ya Ijumaa, tukarudi kujenga. Dungu halijengwi kwa haraka, likijengwa kwa haraka linajua. Nilikuwa natazama jua na kupiga hesabu: Maskati saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo alasiri yao inakuja kabla ya yetu. Nilitamani kumwuliza Bi Tatu kama tunaweza kupanda kabla ya kufunga ngazi. Sikumwuliza. Alikuwa akifunga ngazi mwenyewe, matope yamemkaukia hadi viwikoni.

Tulipopanda ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Kule alasiri ilikwisha kusaliwa. Mtandao ukaja baada ya kungoja. Nikamwambia Mama Karin aandike: mimi baba yake Zuhura nimeridhia, nakuwakilisha umwozeshe. Mstari mmoja. Ulipita saa kumi na moja na dakika ishirini, nimeuandika muda. Salamu zilichukua alasiri nzima ya Alhamisi, na idhini ilichukua muda wa kupiga chafya.

Mama Karin akauliza kama tumewahi. Nikamwambia sijui. Bi Tatu alikuwa kwenye kona yake, kombeo mapajani. Akasema, "Mtoto ukimlinda ukachelewa, bado umemlinda." Nilitaka kumwamini. Nikashuka nikaenda kuwasha jiko.

MLOKA HADI NYUMBANI

Jumamosi njiani Mussa, kwa wema wake, hakunitania hata pale karavani iliporuka tuta na masufuria yote yakatoka kabatini. Nilikuwa natunga namna ya kumwambia Zuhura. Nilipata namna nne, na zote zilianza na neno "nilifikiri".

Kibiti tuliingia magharibi. Wazungu wakanishusha mlangoni, Mama Karin akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Uani kwangu kulikuwa na majamvi yametandikwa na majivu ya mafiga makubwa. Nikajua kuna msiba. Mama Zuhura akatoka na hina mbichi kwenye vidole.

"Umechelewa harusi," akasema.

Alinieleza nikiwa bado nimeshika kikapu. Zuhura alipiga simu kwa jirani Ijumaa kabla ya magharibi, ameolewa. Shehe alizipata zile salamu Alhamisi. Akazisoma mbele ya watu msikitini, akasema hajawahi kuona idhini ya adabu kama hiyo. Baba ametaja mashahidi wawili kwa majina na majina ya baba zao. Ameandika kwamba binti ni mtoto wa Shehe na Shehe ndiye baba, maana yake amemwachia uwakala. Na amemwita mposaji mkwe wangu, na mtu hamwiti mkwe yule asiyemkubali. Nini tena kimebaki?

Nikamwuliza, "Na ile barua ya pili?"

"Imefika baada ya ndoa. Zuhura anauliza kama unataka kumwoza tena."

Nilikaa kwenye jamvi. Mnajua nilivyo. Jambo la kwanza lililonijia ni kama ndoa imeswihi, maana yale nilikuwa nayasema kama anavyoyasema kila mtu, sikuwa nimekusudia kutoa kitu. Mwalimu wetu wa madrasa nilimwuliza baadaye, akakuna ndevu, akasema kule kuna wanazuoni wakubwa, na tena barua ya pili imethibitisha ya kwanza. Nami nasema, Shehe hana kosa. Mtu asiyetaka kushikwa kwa neno lake asiliandike. Ila haki ya Bi Tatu niitaje: lile neno la mkwe halikuwa langu. Mimi ningemwachia Nassor aende baharini akiwa bado huyo Bwana. Nimemtafuta Bi Tatu kwa simu nimpe habari, lakini kumpata mpaka awe amepanda dungu, na dungu liwe limesimama. Bado najaribu.

Majirani walikuwa wamekula pilau Ijumaa usiku, mbuzi mzima, na kunywa sharubati. Jioni ile ya Jumamosi sisi nyumbani tulikula kilichobaki: ukoko wa pilau, umepashwa moto kwa vijiko viwili vya mchuzi, na ndizi mbivu moja tukagawana. Mama Zuhura alinipa kipande kikubwa cha ukoko. Kilikuwa kigumu, nikakitafuna polepole, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne sikuwa nafikiri kitu.